Nani Amekula Samaki wa Moiben?



Mfugaji wa samaki akiweka vifaranga elfu moja kidimbwini, akawalisha miezi minane au tisa, kisha siku ya kuvuna akavuta wavu na kuhesabu mia nne, swali linalomtoka ni moja tu: nani amekula samaki wangu? Jibu halitafutwi mbali. Limesimama pale pale ukingoni, miguu mirefu, shingo imekunjwa, macho kwenye maji. Ndege. Korongo, mnandi, mdiria, fundichuma. Majirani wote wamemwona, watoto wamemfukuza kwa mawe, na shauri linaishia hapo.

Naomba jioni hii shauri hilo lisiishe haraka hivyo. Ndege hawa wanakula samaki wetu, hilo halina ubishi, na sikuja kumwambia mtu aliyekopa pesa za chakula cha samaki kwamba ndege ni pambo la Mungu kwa hiyo anyamaze. Hasara ni hasara. Ninachosema ni kwamba mfugaji wa Moiben hana mkononi kipimo cha hasara hiyo. Na kwa kuwa hana kipimo, anapoteza samaki kwa njia nyingine asizoziona, na anawaua ndege wasiohusika. Kupima ni kazi ya mtafiti, mtu wa kukaa na jambo moja miaka mitatu au minne, kama wafanyavyo wanaosomea shahada ya uzamifu. Kazi hiyo ina faida kwetu kuliko tunavyoidhania.

Turudi nyuma kidogo. Uasin Gishu tunajulikana kwa ngano, mahindi na maziwa. Mabwawa tunayo tangu enzi za masetla, yalichimbwa kwa ajili ya mifugo na mashamba, na ndege wa majini wameyazoea miaka yote hiyo. Vidimbwi vya samaki kwa wingi vilikuja mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi. Maeneo bunge 140 yalitengewa vidimbwi 200 kila moja, na kila kidimbwi kilikuwa cha mita za mraba 300. Vijana walilipwa kuchimba, vifaranga wakagawiwa, na habari za ngege na kambare zikafika hata kwenye majiko ambayo hayajawahi kunukia samaki. Mavuno ya samaki wa kufugwa nchini yakapanda hadi karibu tani 24,000 mwaka 2014. Miaka miwili baadaye yalikuwa yameporomoka hadi karibu tani 15,000. Pesa za serikali zilikwisha, chakula cha samaki kikapanda bei, vifaranga bora wakawa adimu, na vidimbwi vingi vikaachwa vikaota magugu.

Sasa fikiria ndege alivyoyaona mabadiliko hayo kutoka juu. Zamani palikuwa na bwawa moja pana, lenye kina, samaki wametawanyika. Leo hapo karibu pana vidimbwi kadhaa vya kina cha mita moja, na katika kila kimoja samaki mamia, wote wa ukubwa mmoja, wasio na pa kujificha. Ndege gani atapita asitue?

Na sisi wa Moiben tuna jambo la ziada, nalo ni baridi. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ngege anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30 za joto. Yakishuka chini ya 20 anakula kidogo na kukua polepole. Samaki ambaye kule Busia angekuwa tayari kwa sufuria, huku kwetu bado ni wa kiganja. Watu huilalamikia baridi kwa ajili ya gharama ya chakula, na wana haki. Lakini itazame pia kwa upande wa ndege. Ndege mla samaki kwa kawaida hatafuni, anameza mzima, kwa hiyo upana wa koo lake ndio unaoamua nani atapona. Kila wiki samaki anayobaki mdogo ni wiki nyingine ya kumezeka. Mfugaji wa nyanda za juu anamwonyesha ndege samaki wa kumezeka kwa muda mrefu kuliko mwenzake wa kule chini ziwani.

Tuwatazame ndege wenyewe, maana hawafanani hata kidogo.

Mdiria wa madoa meusi na meupe unamjua. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga kasi, mwili unatetema, lakini kichwa hakitikisiki. Ghafla anashuka wima, maji yanaruka, anatoka na kifaranga anayemetameta mdomoni. Anatua kwenye tawi, anampigiza mara mbili tatu, anamgeuza ili kichwa kitangulie, anameza. Uzito wa mdiria huyu ni gramu 80 hivi. Ndege wa uzito huo hawezi kumgusa samaki wa kuuzwa. Madhara yake ni kwa vifaranga, wiki za mwanzo, na kwa mtu anayezalisha vifaranga ili auzie wenzake huyo ni adui wa kweli.

Mnandi ni habari nyingine. Mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe hula karibu nusu kilo ya samaki kwa siku. Chukua samaki wa gramu 50: nusu kilo ni samaki kumi. Siku thelathini, samaki mia tatu. Kidimbwi cha samaki elfu moja, ndege mmoja akihamia mwezi mzima, karibu theluthi imekwenda. Hesabu hiyo inatisha, na ndiyo inayotufanya tuulize: je, huwa anahamia? Au anashuka asubuhi moja, anakula, halafu anarudi kwenye bwawa kubwa asionekane tena wiki mbili? Hesabu ya kalamu haijui. Anayejua ni mtu aliyekaa kando ya kidimbwi kuanzia alfajiri hadi magharibi, msimu wa mvua na wa kiangazi, akaandika kila ndege aliyeshuka, dakika alizokaa, mara alizopiga mbizi na mara alizotoka na kitu.

Makorongo ndio wanaonisikitisha zaidi. Tuna korongo wa kijivu, huyu ni mvuvi hasa, anasimama kwenye maji ya kina kifupi na kuchoma kwa mdomo. Na tuna korongo mwenye kichwa cheusi, ambaye ukimtazama kwa mbali utaapa ni yule yule. Lakini huyu wa kichwa cheusi muda wake mwingi yuko nchi kavu. Utamwona kwenye mabua ya ngano baada ya mashine ya kuvuna kupita, anatembea taratibu, anatafuta panya, panzi na fuko. Akipumzika kando ya kidimbwi anapigwa jiwe kwa kosa la ndugu yake, na panya wanaobaki hai kwa ajili hiyo watakula ngano ya huyo huyo aliyerusha jiwe. Korongo taji ndiye aliyeonewa zaidi: samaki si chakula chake, yeye anaokota mbegu, wadudu na vyura. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Chambo chenye sumu kikiwekwa ukingoni, kinamkuta na yeye.

Fundichuma naye, yule wa kahawia mwenye kichwa cha nyundo, chakula chake kikubwa ni vyura na viluwiluwi. Viluwiluwi hula unga unaowamwagia samaki wako. Sasa huyu fundichuma unamwandika upande gani wa daftari, faida au hasara?

Nimesema tunapoteza samaki kwa njia tusizoziona. Njia ya kwanza huanza kabla ndege yeyote hajafika. Vifaranga wanasafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa ya oksijeni, juu ya pikipiki au matatu, barabara mbovu, masaa kadhaa. Wanafika, mfuko unapasuliwa, wanamwagwa moja kwa moja kwenye maji ya baridi kuliko ya mfukoni. Wengi hufa usiku huo na siku mbili zinazofuata. Kifaranga ni mdogo. Akifa huzama, au kambare anamla, au asubuhi mapema yangeyange anaokota aliyeelea. Mfugaji anapoamka anaona yangeyange tu. Baada ya miezi minane, samaki mia tatu ambao hawakuwahi kuishi wiki moja wanahesabiwa kuwa wameliwa na ndege.

Kisha kuna kambare wanaokulana wenyewe kwa wenyewe, mkubwa akimeza mdogo, hasa chakula kikipungua. Kuna fisi maji anayekuja usiku na kuacha magamba ukingoni. Kuna binadamu anayekuja usiku na asiache chochote. Na kuna muuza vifaranga aliyekuhesabia elfu moja wakati mfukoni hamkufika mia saba. Hao wote hawasimami juu ya nguzo mchana kweupe.

Upande mwingine kuna jambo ambalo mfugaji huwa hataki kulisikia. Ngege wa kike na wa kiume wakichanganywa, maji yakipata joto kidogo tu wanazaa, na wanazaa tena. Kidimbwi kinajaa watoto wanaogombania chakula, na wote wanadumaa. Mdiria anayewala watoto hao huenda anampunguzia mwenye kidimbwi mzigo. Katika kidimbwi cha madume watupu, kila samaki aliyeliwa ni shilingi iliyopotea. Katika kidimbwi cha mchanganyiko hesabu inaweza kugeuka. Kwa hiyo swali la ndege mmoja ni hasara kiasi gani lina majibu zaidi ya moja, na mtafiti mzuri atalipima kwenye kidimbwi cha kila aina, kimoja kikiwa chini ya neti na jirani yake kikiwa wazi, vifaranga sawa, chakula sawa, halafu avune vyote viwili mbele ya mwenye navyo.

Kuna pia madhara ambayo hayahesabiwi kwa idadi ya samaki. Mpasue ngege kutoka kidimbwi chenye magugu, chini ya ngozi, karibu na matamvua, unaweza kukuta vijidonge vya manjano vya ukubwa wa punje ya mtama. Ukikitoboa kimoja, kinatoka kiminyoo kinachojikunja. Mnunuzi akiona hivyo anaacha samaki mezani. Minyoo hao huishi utu uzima wao ndani ya mdomo na koo la korongo. Mayai yanadondoka majini korongo anapovua, yanaanguliwa, kijinyoo kinaingia ndani ya konokono, kinaongezeka humo, kisha kinatoka kumtafuta samaki. Korongo akimla samaki huyo, safari inaanza upya. Ukielewa mzunguko huo unaona kwamba korongo ni mmoja tu kati ya watatu. Huwezi kumzuia kila korongo wa Uasin Gishu, lakini konokono wa kidimbwi chako unaweza kuwapunguza kwa kung'oa magugu ukingoni na kukausha kidimbwi vizuri kila baada ya mavuno. Hii ni kazi ya jembe na panga, haina gharama ya bunduki wala sumu.

Katika kanda yetu utafiti wa namna hii umewahi kufanyika, na ulileta mambo makubwa. Kule Mwanza, katika miaka ya 1980 sangara alipolivamia Ziwa Victoria na kuwamaliza furu, watafiti Wanink na Goudswaard walikusanya mabaki ambayo mdiria huyatapika chini ya mti anaolala. Ni kitonge kidogo cha mifupa na magamba, mdiria hutema vitu visivyomeng'enyeka. Walikivunja, wakatambua mfupa mmoja mmoja ni wa samaki gani, na wakaonyesha kwamba mdiria aliyekuwa akila furu alikuwa amehamia kwenye dagaa. Ziwa zima lilikuwa linabadilika na habari zake zilikuwa zimelala chini ya mti. Kabla yao, Mjerumani Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia mdiria hao hao huko Naivasha na Ziwa Victoria, na akagundua kwamba mahali samaki ni wadogo na kuvua ni kugumu, wazazi hukubali madume wengine wawasaidie kulisha makinda, lakini mahali chakula ni rahisi huwafukuza. Kutoka kwa ndege anayepigwa mawe na watoto wetu, elimu ya dunia kuhusu familia na ushirikiano ilipata mlango mpya. Mimi hilo linanifurahisha sana.

Na Marekani? Kule Mississippi wanafuga kambare wa kwao kwenye mabwawa ambayo mwisho wake huuoni, na mnandi wanashuka kwa maelfu kila majira ya baridi. Mwaka 1998 serikali yao iliwapa wafugaji ruhusa ya jumla ya kuwaua mnandi hao mabwawani. Mwaka 2016 mahakama ikaifuta ruhusa hiyo, ikisema idara husika haikufanya uchambuzi wa kutosha kuhusu athari zake. Angalia hapo: waliopata pigo la kwanza kwa kukosekana uchambuzi ni wafugaji wenyewe. Kwa upande mwingine, watafiti wao waliowachunguza makorongo wakubwa walikuta kwamba sehemu kubwa ya kambare waliokuwa wakiliwa na ndege hao ni wagonjwa waliokuwa wakifa tayari. Ndege wawili, bwawa moja, hukumu mbili tofauti. Nani angejua bila kupima?

Tusisahau kwamba sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina orodha ya wanyama ambao ukipata hasara kwao unaweza kudai fidia. Ndovu yumo, kiboko yumo, mamba yumo. Mnandi hayumo. Mfugaji anabaki na hasara yake peke yake, na mtu aliyeachwa peke yake hutafuta dawa ya karibu. Dawa hiyo tumeiona ilikotufikisha. Mto Moiben unateremka kutoka Cherangany, unaingia Nzoia, na Nzoia inamwaga maji yake ziwani kule Bunyala. Huko Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga, mtafiti Martin Odino alionyesha ndege wakiuawa kwa mamia kwa dawa ya wadudu ya Furadan, kisha wakauzwa kama kitoweo. Sumu ya kuua ndege ikapanda mezani pa watoto. Sitaki kusikia habari hiyo ikitoka upande wa juu wa mto huo huo.

Chuo tunacho hapa hapa. Chepkoilel, ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret, kimefundisha elimu ya samaki tangu kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, na kina vidimbwi vyake. Kutoka huko, pamoja na wenzao wa kituo cha ufugaji samaki cha Sagana, kulitoka mwaka 2007 kitabu cha mwongozo cha Ngugi, Bowman na Omolo ambacho maofisa wa ugani wamekitegemea nchi nzima. Na kila Januari, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wapenzi wa ndege na Makavazi ya Kitaifa huhesabu ndege wa majini kwenye maziwa yetu makubwa. Msingi upo. Ninachokitaka ni mtafiti wa uzamifu aushushe msingi huo hadi kwenye kidimbwi cha mita za mraba 300 nyuma ya boma, ambako hakuna mtalii anayefika, na kesho yake aje kwenye kipaza sauti hiki atuambie alichokiona.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Utafiti mwingi unafanyika mashambani mwetu na hatuusikii tena. Mwanafunzi anakuja na kibali na daftari, mama anamkaribisha, anampa chai, anamjibu maswali ukurasa baada ya ukurasa, anamwachia kidimbwi chake. Miaka minne baadaye kinatoka kitabu kinene chenye jalada gumu, kinawekwa rafuni. Mama yule bado anarusha mawe.

Wakati tunangoja, yapo ya kufanya bila kungoja chuo. Ukingo wa kidimbwi uchimbwe wima, maji yawe na kina cha kutosha hapo pembeni ili korongo asipate pa kusimama. Miti mikavu na nguzo zinazoning'inia juu ya maji ziondolewe, hapo ndipo mdiria anapopumzikia. Neti ifungwe kwa kukazwa barabara, ikae juu ya maji bila kulegea. Neti iliyolegea inanasa bundi na ndege wengine usiku na inakuletea mizoga. Asiyeweza kununua neti ya kidimbwi kizima anaweza kuvuta kamba kukatiza kidimbwi, maana mnandi mkubwa anahitaji nafasi ya kukimbia juu ya maji ndipo aruke, na kamba zinamnyima nafasi hiyo. Neti ya vifaranga, hata ikiwa ndogo, ndiyo ya kwanza kununua, kwa sababu miezi miwili ya mwanzo ndipo hata ndege mdogo anaweza kuwameza samaki.

Na chukua daftari. Siku ya kuweka vifaranga, wahesabu mwenyewe, kikombe kwa kikombe. Mfuko uache uelee majini kwanza mpaka joto lilingane. Siku tatu za mwanzo, okota waliokufa na uandike idadi. Andika ndege uliyemwona, rangi ya kichwa chake, saa aliyofika, na alichotoka nacho mdomoni. Mtafiti atakapobisha hodi, atakuta mwenzake na siyo shahidi tu. Mkaribishe, mpe chai, mwonyeshe daftari lako, halafu kabla hajatia mguu majini muulize: majibu utaniletea mwezi gani, na kwa lugha gani?